Nani Amemomonyoa?

Hoja iliyo mezani: Neno "mmomonyoko" linaficha mambo mengi kuliko linayoyaonyesha.

Meza yenyewe iko Nkuhungu, Dodoma, mahali ambapo mvua ya Januari ikipiga kwa saa mbili, maji ya wenye viwanja vya juu hushuka kuwasalimia wa chini. Wasemaji nimewapanga mimi, kutokana na aina ya watu ambao mji huu umewakutanisha tangu TANU ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu hapa: mwalimu mstaafu wa Kiswahili, fundi ujenzi, afisa ugani, mama mfanyabiashara mzaliwa wa Kondoa, mstaafu wa reli aliyezaliwa Pangani, na kijana wa bodaboda ambaye hakualikwa. Nimewaita kwa kazi zao. Mimi ni katibu, na katibu wa aina yangu huchomekea la kwake anaposhindwa kunyamaza.

MWALIMU: Mbukwenyi! Mheshimiwa mwenyekiti, katibu wako mahiri, mtunza muda makini, wapinzani wangu mnaotetemeka kwa woga...

FUNDI: Mwalimu, hapa hakuna mwenyekiti wala mtunza muda. Kuna birika la kahawa. Likiisha, tumefunga.

MWALIMU: Basi nakwenda moja kwa moja. Napinga hoja. "Mmomonyoko" halifichi kitu. Ni moja ya maneno yanayojieleza yenyewe ukiyafungua. M ya mwanzo ni ya ngeli ya mti na mlima. O ya mwisho ndiyo inayogeuza kitenzi kuwa jina, kama mlipuko kutoka lipuka, mporomoko kutoka poromoka, mtiririko kutoka tiririka. Ndiyo maana tunaandika m mbili, na mwanafunzi aliyeniandikia "momonyoko" nilimkata alama. Katikati kimebaki kitenzi momonyoka. Kisikilizeni: mo-mo. Silabi imejirudia. Vitenzi vyetu vingi vya sura hiyo vinahusu jambo linalorudiarudia bila kishindo: maji hububujika, panya huguguna, mwenye homa hutetemeka, mpelelezi hudodosa. Kisha njooni mkiani, -oa na -oka. Hicho ni kiambishi cha kale sana katika lugha za Kibantu, cha kutengua kilichofanywa au kutenganisha vilivyoshikamana. Funga, fungua. Ziba, zibua. Kunja, kunjua. Choma, chomoa. Shina likiwa na irabu o, mkia nao hufuata: ng'oa, bomoa, nyofoa, momonyoa. Neno zima linasema: kutengana, chembe baada ya chembe, bila kukoma. Hapo limeficha nini?

MSTAAFU WA RELI: Umesahau mdomo, Mwalimu. Kwetu Pangani bibi asiye na meno hatafuni tende, huimumunya. Anaiweka baina ya fizi, mnaendelea na mazungumzo, mara tende haipo. Mumunya, momonyoa: hao si ndugu?

MWALIMU: Picha hiyo naipenda, mzee wangu, lakini sarufi inakukatalia. Ukiibandika mumunya mkia wa kutengua utapata mumunyua, kwa sababu irabu ya shina ni u. Hutapata momonyoa. Wanafanana sura, ukoo ni mbalimbali.

KATIBU: Hata hivyo wazo la mdomo halikuanzia Pangani. Waingereza na Wafaransa wanapozungumzia udongo kuondoka hutumia neno lililotoka Kilatini, kwenye kitenzi rodere, ambacho maana yake ni kuguguna. Kitenzi hicho hicho ndicho kilichowapa jina la panya na jamaa zake, wale ambao vitabu vyetu vya baiolojia huwaita wagugunaji. Mrumi aliiona ardhi inagugunwa. Mtu wa Pangani anaiona inamumunywa. Tofauti ni meno tu.

FUNDI: Mimi kazini sijawahi kusema mmomonyoko. Nikikuta msingi uko wazi, mvua imeondoa udongo chini yake hadi mbwa anapita, nasema msingi umelika. Mwenye nyumba ananielewa na mfuko wake unanielewa. Kila kitu kina namna yake ya kuisha. Soli hulika. Kisu hulika kwa kunolewa. Nguo huchakaa. Rangi ya ukuta hupauka. Breki za pikipiki husagika, maana pale ni kigumu juu ya kigumu. Majani hupukutika, ngozi huchubuka. Ukuta wa tofali mbichi hubanduka plasta kwanza, halafu tofali lenyewe ndilo linamomonyoka, unaokota ungaunga chini kila asubuhi. Hapo neno hilo nalikubali. Lakini mtu akiniletea "mmomonyoko" kwa herufi kubwa, najua kuna semina.

MWALIMU: Lika nayo ni nzuri. Ni ya kitenzi kula.

FUNDI: Ndiyo, na kitu kikiliwa kuna aliyeshiba. Tazama tembe za Wagogo. Paa ni udongo juu ya miti, ukuta ni fito na udongo. Kila msimu wa mvua tembe ilikuwa inakwenda, na kila kiangazi mwenyewe alipanda juu na udongo mpya, akakandika na kuta. Inakwenda, inarudishwa. Hakuna aliyeita mkutano.

MWALIMU: Umesema "inarudishwa", na hapo umegusa jambo ambalo hunisumbua. Fungua ina funga, zibua ina ziba, lakini momonyoa haina momonya. Kinyume chake hakisemwi na mtu yeyote. Tuna kitenzi cha kutengua bila kitenzi cha kile kilichotenguliwa.

AFISA UGANI: Shikamoo, Mwalimu. Kwa udongo, hilo halinishangazi. Mwamba huchukua vizazi na vizazi kuoza ukawa udongo wa kina cha kiganja, na hakuna mtu aliyeishi muda wa kutosha kukitazama kitendo hicho hata akakipa jina. Kuondoka kwake ndiko tunakokuona. Na mkoa huu ulipimwa mapema. Miaka ya 1930, pale Mpwapwa, mtafiti wa malisho R. R. Staples alitenga vipande vya ardhi kwenye mteremko mmoja, chini ya mvua moja. Kimoja kilibaki na kichaka chake, kingine kikawa cha nyasi, kingine kikalimwa nafaka, kingine kikaachwa kitupu. Kichakani, maji yaliyotiririka na kwenda zake hayakufika hata asilimia 1 ya mvua iliyonyesha. Kwenye nyasi yalikuwa kama asilimia 2. Shambani, robo. Kwenye ardhi tupu nusu ya mvua nzima ilikimbia, na ikaondoka na takriban tani 147 za udongo kwa hekta kwa mwaka. Shambani zilikuwa tani 78. Kichakani na kwenye nyasi vipimo vilionyesha sifuri.

FUNDI: Sifuri kabisa?

AFISA UGANI: Ndivyo walivyoandika. Na sababu ni tone, kaka. Watu wanadhani maji yanayotiririka ndiyo mwizi wa kwanza. Mwizi wa kwanza ni tone linaloanguka kutoka juu bila kukuta jani. Linapiga, chembe zinaruka, zile ndogo zinaziba vitundu vya udongo, juu panafanyika ngozi ngumu. Tone linalofuata halina pa kuzama, linatafuta mteremko. Hapo ndipo utando mwembamba wa maji unapoanza kutembea shamba zima, na mkulima haoni kitu, mpaka siku moja mizizi ya mtama iko nje. Korongo hupigwa picha kwa sababu linatisha, lakini korongo ni mwisho wa habari. Hapa Dodoma wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Uppsala, Sweden, Anders Rapp akiwa miongoni mwao, walitoa mwaka 1972 vipimo vya mabonde manne yanayolisha mabwawa: Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi. Mabwawa yalikuwa yanajaa mchanga na tope yangali machanga. Kwa hiyo neno lina kazi. Bila jina moja la kukusanya tone, utando, kijito na korongo, nitaiandikaje ripoti?

MAMA WA KONDOA: Mwanangu, takwimu zako sizikatai. Mimi nauliza sarufi, maana Mwalimu yupo. Mtu anaweza kusema "ardhi imemomonyoka na ng'ombe"?

MWALIMU: Hapana, mama. Kauli ya kutendeka haipokei mtenda. Ukitaka kumtaja itakubidi useme "imemomonyolewa na ng'ombe".

MAMA WA KONDOA: Ahaa. Sasa nisikilizeni. Nilikuwa msichana mdogo mwaka 1979. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulikuwa umeanza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden. Makinga maji yalichimbwa, miche ikapandwa, magari yao tukayazoea. Kisha ikaja amri kwamba mifugo yote itoke katika eneo lililopewa jina la eneo lililomomonyoka, kilometa za mraba 1,256 za vilima vya Irangi. Walitoka ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, zaidi ya vichwa 80,000. Miaka ya 1980 yakawafika na watu wa Mvumi. Neno lilikuja kwetu bila mtenda, "ardhi imemomonyoka", na kwa kuwa mtenda hakuwemo kwenye sentensi, walikwenda kumtafuta zizini.

AFISA UGANI: Lakini mama, si nyasi zilirudi?

MAMA WA KONDOA: Zilirudi, nani atabisha? Ndani ya miaka michache vilima vilivyokuwa vyekundu vilivaa kijani, miti ikachipua kwenye visiki vya zamani, makorongo yakatulia, mengine watu wakayalima chini. Miaka kumi baadaye wakaruhusu ng'ombe wachache wa maziwa wa kulishwa zizini. Sisemi HADO ilikuwa uongo. Nasema gharama haikuandikwa kwenye neno lile. Baba alipopeleka mifugo kwa jamaa tambarare alipeleka maziwa, samadi na mahari ya kaka zangu. Punda alipoondoka, ndoo ya maji ikahamia kichwani kwa mama.

MSTAAFU WA RELI: Waluguru walikataa mapema. Mwaka 1955 serikali ya kikoloni ilipowalazimisha kuchimba matuta milimani, walifanya ghasia hadi mpango ukafa. Nao waliambiwa vivyo hivyo, kwamba udongo unakwenda.

AFISA UGANI: Na ulikuwa unakwenda!

MAMA WA KONDOA: Ulikuwa unakwenda. Nani aliupeleka? Hapa mkoani, Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 ilikusanya kaya zilizokuwa zimetawanyika, ikaziweka vijijini. Watu wengi wakakata kuni sehemu moja, kwato nyingi zikapita njia moja kwenda kisima kimoja. Huko nako ni kumomonyoa, tena mtenda wake ana muhuri na barua. Mbona hakuna bango lililosema "ardhi imemomonyolewa na operesheni"?

KATIBU: Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu vilima vya Irangi vimechimbwa na kupimwa kuliko wengi wetu tunavyojua, na majibu yake hayampi ushindi mtu yeyote kirahisi. Mats Eriksson na wenzake walichapisha mwaka 2000 matokeo ya kupima umri wa mchanga uliolundikana miguuni mwa vilima hivyo. Mbinu yao husoma ni lini chembe ya mchanga iliona jua kwa mara ya mwisho kabla ya kufukiwa. Walipata malundo ya zamani sana, ya kati ya miaka kama 14,500 na 11,400 iliyopita, wakati tabianchi ilipokuwa ikibadilika kutoka ukame kwenda unyevu. Kisha kimya kirefu. Kisha malundo mapya, ya miaka 900 hivi ya karibuni, ambayo waliyahusisha na watu: wakulima, wafugaji, na wakata miti.

MAMA WA KONDOA: Miaka 14,500! Hapo ng'ombe wa baba yangu alikuwa wapi?

AFISA UGANI: Hakuwapo, mama. Lakini katika hii miaka 900 yupo.

MAMA WA KONDOA: Yupo. Na jembe lipo, na shoka lipo.

KATIBU: Kusini ya Warangi wa vilima hivyo kuna Waburunge. Mwanaanthropolojia wa Sweden, Wilhelm Östberg, aliandika juu yao kitabu kilichotoka mwaka 1995, na jina la kitabu linatokana na kauli yao kwamba ardhi inapanda. Yaani pale ambapo mgeni mwenye kamera huona udongo umeondoka na mawe yamebaki uchi, wao huiona ardhi yenyewe ikija juu. Nilipoisoma kauli hiyo nilicheka kwanza, kisha kicheko kikaniisha.

FUNDI: Mimi nisingecheka. Safisha kiwanja mawe yote leo. Mvua mbili tu, mawe mengine hayo hapo. Ukimwambia kibarua kwamba udongo umeshuka atakwambia, bosi, mimi naona mawe yamepanda.

AFISA UGANI: Lakini kilichotokea ni udongo kushuka.

MAMA WA KONDOA: Kwa aliyekuja na rula. Aliyezaliwa hapo juu ya jiwe hana mahali pengine pa kusimama akalipima. Na tazameni tofauti: ukisema ardhi inapanda, ardhi ina nguvu, ina hali, unaweza kuishi nayo. Ukisema imemomonyoka ni mgonjwa, na mgonjwa huletewa daktari hata kama hakumwita.

MWALIMU: Hapo umetoka kwenye sarufi, mama, umeingia siasa.

MAMA WA KONDOA: Ni wewe uliyesema haipokei mtenda.

MSTAAFU WA RELI: Naomba nafasi. Nyote mnabishana udongo ulitoka wapi. Mimi nimefanya kazi mahali unapofika. Maji ya upande huu wa Dodoma na Mpwapwa huingia mto Kinyasungwe, ukifika mbele unaitwa Mkondoa, na reli ya kati imelala kando yake kutoka Gulwe kupita Kidete hadi Kilosa. Wajerumani waliipitisha humo kwa sababu bonde hukupa mteremko nafuu. Lakini bonde ni njia ya mto kabla ya kuwa njia ya treni. Mto unabeba mchanga, mchanga unakaa, kitanda cha mto kinapanda, daraja lililokuwa na nafasi ya mtu kupita chini linabaki la paka. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilitutesa. Za Desemba 2009 na Januari 2010 ndizo zilizobomoa reli vibaya, safari zikasimama. Wakubwa wakasema, mafuriko. Mimi nikasema, hapana, haya ni mashamba ya watu yamekuja kwa reli bila tiketi.

FUNDI: (Akicheka) Na nauli hawakulipa!

MSTAAFU WA RELI: Na hayaishii hapo. Mto unaingia Wami, na Wami inamwaga baharini kusini ya Saadani. Udongo wa Mgogo unakuwa tope la mkoko.

KATIBU: Upande wa pili wa mkoa, maji ya vilima vya Kondoa hushuka kwa mto Bubu kwenda mbuga za Bahi, ambazo hazina mlango wa kutokea baharini. Kinachofika Bahi kinabaki Bahi. Na mbugani humo watu hulima mpunga, na mchele wa Bahi unauzwa katika masoko ya jiji hili. Ripoti ya Kondoa itaandika hasara. Ripoti ya Bahi, kama ingekuwapo ya jambo hilo, ingeandika nini?

AFISA UGANI: Msirembe sana. Sehemu kubwa inayofika mbali ni mchanga mtupu. Unafukia shamba zuri kama unavyofukia baya.

MSTAAFU WA RELI: Kweli. Na si kila kinachoondoka hufika. Mbele ya Pangani kulikuwa na kisiwa, Maziwi. Kilikuwa na miti, kasa walipanda kutaga. Mwishoni mwa miaka ya 1970 bahari ilikuwa imekimaliza. Leo ni fungu la mchanga, maji yakijaa hulioni. Wengine husema miti ilikatwa, mizizi iliyoshika mchanga ikafa. Wengine husema bahari imechukua chake. Sisi kwetu hatukusema kisiwa kimemomonyoka, tulisema kimeliwa.

Hapo ndipo pikipiki ilipozimwa kando ya kibaraza.

KIJANA WA BODABODA: Shikamooni wazee. Samahanini, nimesikia mnataja neno langu.

MWALIMU: Marahaba. Limekuwa lako lini?

KIJANA: Nasemwa nalo mimi, Mwalimu. Redioni, kanisani, msikitini, bungeni hapo: mmomonyoko wa maadili kwa vijana. Nywele zangu, mmomonyoko. Suruali yangu, mmomonyoko. Nauliza kwa heshima. Huyu dada afisa ugani anasema udongo ukitoka juu unatua chini. Maadili yaliyotoka kwetu yametua kwa nani? Kama yametua kwa wazee, mbona hayaonekani?

(Nakiri kibaraza kilichelewa kutulia.)

MWALIMU: Usitanie. Sitiari hiyo ina akili. Aliyeitumia kwanza alitaka kusema kwamba mambo haya hayakubomoka siku moja. Yaliondoka kidogo kidogo, hakuna siku unayoweza kuionyesha ukasema ni hii.

KIJANA: Sawa. Lakini mimi kwenye sentensi yenu ni nani? Ni udongo, ni mvua, au ni mbuzi?

MAMA WA KONDOA: Swali hilo lingekuwa letu mwaka 1979! Tazameni: mhubiri anasema "maadili yamemomonyoka". Hakuna mtenda. Akimaliza anatafuta wa kumtoa eneo, na aliye karibu ni mwenye bodaboda. Mwanangu afisa ametuambia udongo huondoka mahali palipovuliwa kifuniko. Basi atuambie kwanza kifuniko cha maadili kilikuwa nini. Kazi? Bibi aliyekaa na wajukuu? Jando? Halafu aseme nani alikifyeka, na kwa panga la nani.

MWALIMU: Mama, nitakubaliana nawe nusu. Neno lilipotoka kwa bwana shamba kwenda kwa mhubiri lilihama bila mizigo yake. Kwa bwana shamba lilikuwa na tone, mteremko, jembe, vipimo vya Mpwapwa. Kwa mhubiri limebaki na huzuni tu.

KATIBU: Mimi ningekubaliana naye zaidi ya nusu. Kasoro ya neno sioni kama iko katika kuhama, maana maneno huhama na yote yameshahama. Kasoro iko kwenye kauli tunayoichagua. Kiswahili kimetupa momonyoa, momonyolewa, momonyoka na momonyolea, mtu achague kulingana na anachojua. Sisi tunakimbilia -oka na jina lake, mmomonyoko, kwenye taarifa za kata, kwenye hotuba, kwenye vitabu vya shule, kana kwamba zile nyingine zilifutwa. Mtu anayesema "mmomonyoko wa udongo umeathiri barabara" amesema kweli, na hakuna atakayemwita ofisini.

FUNDI: Sasa tuongee ya hapa. Mnajua jina Dodoma husimuliwa kwamba lilitokana na neno la Kigogo, idodomya, kwamba tembo alikuja kunywa maji akazama topeni. Mji umepewa jina la kuzama, halafu tunashangaa nyumba za Nkuhungu zikijaa maji! Mtu wa juu akipaka kiwanja chake chote zege, maji yake hayana pa kuzama, yanakuja kwangu na udongo wa barabara. Yeye anaandika kwa mtendaji: mmomonyoko. Mimi naandika: tope. Ni udongo uleule, barua mbili. Na ukitaka mtenda, mimi ninaye. Ni tipa. Zinashuka korongoni kuchota mchanga, kingo zinabaki zinaning'inia, mvua ya kwanza tu korongo linapanuka kuelekea nyumba za watu.

MAMA WA KONDOA: Umeona sasa? Dada, liandike hilo kwenye ripoti yako. "Kingo za korongo zimemomonyolewa na tipa zinazochota mchanga."

AFISA UGANI: Nikiandika hivyo itarudi. Wataniuliza, tipa za nani, una namba zake, una kibali cha kusema? Nikiandika "kuna mmomonyoko wa kingo" itapokelewa, na pengine tutapata miche ya kupanda.

MAMA WA KONDOA: Iandike irudi. Ikirudi itakuwa na sahihi ya aliyeirudisha.

MWALIMU: Natoa marekebisho ya hoja. Neno lisiachwe. Lakini kila atakayelitumia, kwa udongo au kwa maadili, aulizwe aligeuze liwe la kutendwa: limemomonyolewa na nani? Akishindwa, ahesabiwe kuwa bado anafanya utafiti.

KIJANA: Naunga mkono. Fundi, na wewe jibu basi. Mchanga wa plasta ya hiki kibaraza tulichokalia ulitoka wapi?

Fundi alimimina kahawa iliyobaki, akatazama ukuta alioupiga plasta mwenyewe.

FUNDI: Korongoni. Kwa tipa. Mchanga mwingine wa kujengea uko wapi Dodoma hii?

MWALIMU: Kwa hiyo sentensi ni "tumemomonyoa". Nafsi ya kwanza wingi.

FUNDI: Iandike wewe uliyestaafu. Mimi nina msingi wa mtu unaonisubiri.

Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Waliounga mkono hoja iliyorekebishwa walikuwa wanne. Afisa ugani aliomba ieleweke kwamba ameinyoosha kama mwananchi wala si kama mtumishi wa umma. Fundi hakupiga kura. Simu yake ilikuwa inaita, na dereva wa upande wa pili alikuwa anauliza zile tripu mbili za mchanga azimwage wapi.